Mzungu Aliyekufa Mara Nyingi

Kazi yangu ni kuwapikia watu wanaojenga barabara. Barabara ikiisha naondoka nao, na mara nyingine naondoka kabla haijaisha, kwa sababu miguu yangu haijui kukaa. Nimelala Juba, nimelala Bunia, nimelala Arua na sehemu ambazo hata jina sikuuliza. Huko kote naweza kusahau kwetu vizuri kabisa, mpaka mtu achekeche unga wa muhogo karibu nami. Ule unga wetu, wa muhogo uliolowekwa ukachachuka kabla ya kuanikwa, una harufu inayokaa kooni. Juzi, katika kambi ya mbali, mwenzangu wa jikoni alitikisa chekeche lake, vumbi jeupe likanipanda puani, na papo hapo nikamwona mama yangu amelala chali, uso mweupe, mikono kifuani, haamki. Ilinibidi nijikumbushe kwamba mama yuko hai, yuko kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na kwamba asubuhi ile ile alikuwa amenipigia simu kunigombeza kwa sababu sijarudi nyumbani tangu mavuno ya kahawa yaliyopita.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka kwamba zamani picha haikupigwa bure. Mpiga picha alitoka Kasese na kamera yake kwenye begi la ngozi, na hakuja bila sababu: arusi, kipande cha kitambulisho, au msiba. Kwenye msiba jeneza lilifunguliwa, ndugu wakapangwa nyuma yake, na yule bwana akasema, “Musicheke, muangalie hapa,” kana kwamba kuna aliyetaka kucheka. Kwa hiyo hata kabla sijaanza shule nilijua kusoma picha. Mwenye shela ni bibi arusi. Anayekodoa macho peke yake ni kipande. Aliyelala chali na maua kifuani ni maiti.

Sebuleni kwetu ukutani kulikuwa na picha za mwanamke mmoja wa Kizungu, ndani ya fremu za vioo. Mama alizipata usichana wake, alipofanya kazi za nyumbani kule juu kwenye makazi ya mgodi wa shaba, kwa mke mzee wa injinia. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mama mzazi wa yule mama Mzungu, na enzi zake, wakati babu zetu wangali wavulana, alikuwa mwigizaji wa jukwaani Uingereza. Wazungu walipofunga mizigo yao waondoke, mizigo ilizidi, fremu zikabaki kwa mama. Alipoolewa Bwera alikuja nazo zimefungwa ndani ya mablanketi, na watu waliokuja kumpokea bibi arusi walidhani ni sahani.

Bibi yangu, mzaa baba, ambaye tulimwita Mukaka kama wanavyoitwa mabibi wote kwetu, hakumpenda mgeni huyo ukutani. Alipenda vioo tu. “Mama Masika,” alikuwa akimwambia mama, “mutoe huyu mutu, mutuwekee picha ya muzee.” Masika ndiye mimi, mtoto wa kwanza wa kike. Mzee ndiye marehemu babu, ambaye hakuwahi kupigwa picha akiwa hai, ila ile moja ya jeneza. Mama alijibu kwa upole kwamba atatafuta fremu nyingine, na hakuitafuta.

Katika picha ya kwanza mwanamke yule alikuwa msichana mwembamba ameshika sinia. Iliyofuata alikuwa na shela. Halafu alikuwa na taji na joho lililoburuta sakafuni. Halafu, jambo lililonishangaza sana, alivaa suruali na upanga kiunoni. Ya mwisho, karibu na mlango, alikuwa amelala chali, uso mweupe kama ukuta mpya, maua kifuani. Ilikuwapo moja zaidi chumbani kwa mama, ya bibi kizee anayecheka na fimbo yake, lakini hiyo sikuihesabu. Nilidhani ni mama mkwe wake.

Jioni tukimenya muhogo, mama alinisimulia habari za mwanamke huyo kama anavyosimulia mtu habari za shangazi yake. Alianza kwa kubeba sinia jukwaani, hasemi neno, anaingia, anaweka, anatoka. Alilibeba hivyo msimu mzima bila kulidondosha, huku akikariri kimoyomoyo maneno ya waigizaji wakubwa. Siku mkubwa mmoja alipopoteza sauti, yule wa sinia akavalishwa gauni lake, na kuanzia hapo hakushika sinia tena. Walisafiri kwa treni mji hadi mji na masanduku ya nguo. Akawa malkia. Akawa mwanamume, akapigana upanga. Na alikufa. Kwa kufa ndiko alikosifiwa zaidi: alikufa kwa sumu, alikufa kwa kifua, alikufa kwa mapenzi, alikufa kwa mkono wa mume.

“Alikufa Jumatatu,” mama alisema, “akafa Jumanne, Jumatano akafa mchana na jioni.”

“Na Jumapili?”

“Jumapili alifua nguo.”

“Sasa alikuwa anaamuka namna gani?”

“Pazia likifungwa anaamuka. Anakula, analala, kesho anakufa tena.”

Mama alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa naelewa kila neno kwa namna yangu. Jukwaa sikulijua. Nilijua picha, na picha haidanganyi: mtu huyu alitumwa, akaolewa, akatawala, akafa. Nilichojifunza ni kwamba Wazungu wana pazia ambalo likifungwa mbele ya maiti, maiti anaamka. Jambo lililonisumbua ni ile picha ya mwisho. Kwa nini ilikuwa ya mwisho? Nikajijibu mwenyewe kwamba siku hiyo pazia lilikwama.

Jambo jingine mama alilipenda sana. Aliyekufa jukwaani, alisema, hana ruhusa hata ya kupiga chafya. Hawezi kujiamsha, kwa maana akijiamsha kila mtu aliyelia ataona amechezewa. Ilitokea siku moja mwenzake aliyepaswa kuja kumlilia alikuwa amelewa, hakuingia. Yule mwanamke akabaki amelala, inzi anatembea juu ya pua yake, mpaka mlevi akapatikana. “Hiyo ndiyo heshima ya kazi,” mama alisema, na akakikata kipande cha muhogo kwa nguvu.

Basi ikaja Pasaka ambayo wamama wa kanisa letu waliamua kucheza habari za Tabita, yule mwanamke wa Biblia aliyewashonea wajane nguo, akafa, na Mtume Petro akamfufua. Mchezo ulikuwa wa Kiswahili ili watu wa ng’ambo ya mpaka nao wasikie, pamoja na familia za Kenya zilizokuja na kazi ya saruji. Mwalimu Masereka, aliyefundisha watoto Jumapili, ndiye aliyegawa sehemu. Petro akawa Bwambale muuza nyama, kwa kuwa alikuwa na sauti. Tabita hakuna aliyetaka. Kila mama aliangalia chini. Mama yangu akasema, “Mimi nitakufa.”

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mukaka alikuwa anapepeta maharage uani, na hakuacha kupepeta.

“Nasikia uko unajitafutia kifo.”

“Ni mchezo, mama. Ni neno la Mungu.”

“Neno la Mungu linasomwa. Halilaliwi.” Ungo ukapanda, ukashuka. “Katika nyumba hii hata mutoto akilala chali mchana anachapwa. Kifo ni kama mbwa, ukikiita kwa mchezo kinakuja kweli. Nilizika mume wangu, nilizika watoto, sikuwahi kulala mahali pao hata kidogo. Wewe utapakwa unga, utafungwa shuka, watu walie?”

“Yule Mzungu alilala hivyo maisha yake yote, mama, na alifika uzee.”

“Yule si mukwe wangu!”

Nyuma ya mlango nilishika ukuta. Mukaka akaweka ungo chini, na hilo lilikuwa kubwa kuliko kupiga kelele.

“Baba Masika iko kiwandani kwa saruji, mimi ndiye niko hapa. Sikia. Ukilala maiti mbele ya watu, usiamukie kwangu. Upitilize kwenu Ibanda. Watoto nitabaki nao.”

Mama alipiga magoti, kama mkwe anavyopaswa. Kisha akasema, kwa heshima, “Mama, nimekusikia. Lakini nimekwisha kusema mbele ya wenzangu.” Sijawahi kumwona mtu aliyepiga magoti akiwa mrefu namna ile.

Siku zilizobaki hawakusemezana ila kwa kupitia kwangu. “Mwambie mama yako chumvi imeisha.” “Mwambie Mukaka chumvi iko kwenye kopo.” Usiku nilisikia mama akifunga nguo zake chache kwenye kitenge, na hakuna aliyeniambia ni za nini. Mimi sikuwa nawaza Ibanda. Niliwaza pazia tu. Kanisani kwetu hapakuwa na pazia. Kulikuwa na mbao zilizowekwa juu ya mapipa, uani, na nyuma yake ukuta wa matofali.

Siku ilipofika, jua la mchana lilikuwa kali na watu walijaa mpaka kwenye migomba. Mukaka alikuwa ameapa hatakuja. Alikuja. Alikaa nyuma kabisa, kwenye kigoda chake mwenyewe, mgongo nusu umegeukia jukwaa, kama mtu anayengoja mtu mwingine. Nilikaa miguuni pake.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Mama alitembea juu ya mbao na sindano isiyoonekana, akiwashonea wajane, na wajane wakajipima nguo zisizoonekana, mmoja akisema yake inambana matakoni, watu wakacheka. Kisha Tabita akaanza kukohoa. Akashika kifua. Akaketi, akalala. Wanawake wakamzunguka, na walipoachana alikuwa amefungwa shuka mpaka kidevuni, uso wote umepakwa unga wa muhogo, mikono juu ya kifua na maua ya kanisani juu ya mikono.

Ilikuwa ile picha. Ilikuwa hasa ile picha ya karibu na mlango.

“Pazia liko wapi?” nilimuuliza Mukaka.

“Nyamaza.”

“Mukaka, pazia liko wapi?”

Jukwaani wajane walilia kidogo, kama walivyofundishwa, kisha mmoja akasema kwa sauti, “Tumetuma watu kumwita Petro. Petro yuko njiani!” Wote wakageuka kuangalia njia. Sisi nasi tukageuka. Njia ilikuwa nyeupe kwa vumbi, haina mtu.

Baadaye tulijua kilichompata. Bwambale alikuwa amepeleka nyama soko la mpakani asubuhi, na ili asichelewe alivalia huko huko, kanzu na ndevu za manyoya ya mbuzi alizozibandika kwa ulimbo. Kwenye kizuizi askari alimsimamisha.

“Simama! Wewe nani?”

Bwambale, ambaye njia nzima alikuwa anakariri, akajibu, “Mimi Petro, afande.”

“Toa kipande.” Afande akasoma, akaangalia picha, akaangalia ndevu. “Hapa iko Bwambale. Hapa hakuna ndevu. Toa hizo ndevu!”

Hazikutoka. Ulimbo ulikuwa umekauka. Akakalishwa chini pembeni mwa barabara, kanzu ndani ya vumbi, na kila alipoeleza kwamba kuna mwanamke amekufa na yeye ndiye wa kumfufua, hali ilizidi kuwa mbaya.

Hayo sisi hatukuyajua. Tulijua tu kwamba Petro hayuko. Mwalimu Masereka alichungulia kutoka nyuma ya ukuta, akatoweka. Wajane walirudia kilio chao. “Petro yuko njiani!” yule mmoja akasema tena, safari hii kama anayeuliza. Mama hakutikisika. Sasa najua alikuwa anafanya nini. Alikuwa anangoja mlevi wake, kama mwanamke wa kwenye fremu, na hakuwa tayari kumdanganya mtu yeyote aliyelia. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba shuka juu ya kifua chake haipandi wala haishuki.

Kadiri alivyozidi kulala, mchezo ukaanza kuondoka ndani ya mchezo. Kwanza alilia mama mmoja mbele, ambaye alizika binti yake muda mfupi kabla ya hapo, na hicho hakikuwa kilio cha kufundishwa. Kilipanda, kikavunjika, kikashuka, kile kilio chetu ambacho ukikisikia toka kilima cha pili unaacha jembe. Mwingine akakipokea. Mwingine. Wanaume wakavua kofia. Mtu akauliza kwa sauti ndogo, “Huyu anapumua?” Nami nikafungua mdomo nikalia kama mtoto aliyefiwa, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa.

Kigoda nyuma yangu kilianguka. Mukaka alinipita. Alikuwa mwanamke mzito, mwenye goti bovu, na watu walimpisha kama wanavyompisha ng’ombe aliyekata kamba. Alipanda kwenye mbao, mbao zikalia. Aliwasukuma wajane huku na huku. Akasimama juu ya mama yangu, akamwangalia.

“Mama Masika.”

Alimgusa bega.

“Mama Masika, amuka. Watoto wanalia.”

Mama hakufungua macho. Tabita hakuwa ameitwa. Nasema ilikuwa heshima ya kazi. Mukaka mpaka anakufa alisema ulikuwa ukaidi. Yule bibi mzee akapiga magoti, goti lile bovu, mkwe wake amelala na yeye amepiga magoti mbele yake, akaushika mkono uliokuwa chini ya maua, na akapaza sauti ambayo hata muuza nyama hakuwa nayo:

“Tabita! Nasema amuka! Amuka twende nyumbani!”

Mama akafungua macho.

Sikumbuki kama watu walishangilia kwanza au walipiga kelele za woga kwanza. Nakumbuka baadhi walikimbia hatua chache halafu wakarudi wakicheka. Nakumbuka mama akiketi, unga unampukutika mashavuni, mistari miwili ya maji imejichora toka machoni hadi kidevuni. Nakumbuka Mukaka akimpapasa, shingo, mabega, mgongo, kama anayekagua mbuzi sokoni, huku akimtukana kwa Lhukonzo, lugha yetu, bila kupumzika. Nami nilikuwa nimekwisha kufika juu, sijui nilipandaje, nimeng’ang’ania mguu wa mama. Ulikuwa wa moto. Ulikuwa na jasho. Niliubusu nikajaa vumbi mdomoni.

Katikati ya hayo Bwambale, ambaye afande alikuwa amemwachia hatimaye, akatokea njiani mbio, kanzu ameipandisha kwa mkono hadi magotini, ndevu upande mmoja zimeng’oka na shavu limewiva. Alipanda jukwaani bila kuangalia chochote, akanyoosha mkono, na kwa sauti yake nzuri akatamka, “Tabita, amka!”

Mama alikuwa amekaa anakunywa maji.

“Umechelewa, baba,” Mukaka alimwambia. “Amekwisha kuamuka. Rudi kwa nyama yako.”

Watu walicheka mpaka wakashikana, na mchungaji, aliyekuwa ameandaa maneno ya kufunga, aliyaacha, akasema tu tusimame tuimbe.

Tulirudi nyumbani njia ya migombani, sisi watatu. Mukaka hakuuachia mkono wa mama. Penye mfereji walivuka wameshikana, jambo gumu kwa watu wawili na jiwe moja, na hawakuachana hata hapo. Nilitembea nyuma yao nikiangalia visigino vya mama vikipanda na kushuka. Nimetembea nchi nyingi tangu hapo, na bado sijapata safari iliyonipa raha kama ile ya muda mfupi kutoka kanisani hadi kwetu.

Mlangoni mama alisimama. Kile kitenge chenye nguo zake kilikuwa kingali pembeni ya kizingiti, alipokiacha asubuhi. Mukaka alikiangalia, akakiinua, akaingia nacho ndani, na tukasikia akikitupa kitandani.

Tulikula sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, na samaki wa chumvi. Mukaka alikuwa wa kwanza kuchovya na wa mwisho kusema. Alitafuna, akamwangalia mama, ambaye alikuwa na unga bado ndani ya sikio, akatafuna tena.

“Nasikia mumeitwa na kanisa la Karambi.”

“Ndiyo, mama,” mama alisema polepole. “Jumapili ijayo.”

“Utakufa tena?”

“Ukiruhusu, mama.”

Mukaka alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani.

“Mwambie Masereka yule wa nyama abaki na nyama yake,” alisema. “Nitakuamusha mimi.”